Santuri ya Marehemu

Haya yalimkuta shoga yangu Lurleen, fundi wa fremu kule Tulsa, Marekani. Yeye na mwenzake Clovis walitumwa nyumbani kwa marehemu mpiga ngoma wa bendi ya roki, wakachukue santuri ya platinamu ambayo bendi hiyo ilituzwa albamu yake ilipouzwa mamilioni ya nakala. Kioo cha fremu kilikuwa kimepasuka. Waliikuta ukutani, katika chumba cha chini ya nyumba kisicho na dirisha.

Clovis akacheka. "Danganya toto hii! Huwa wanapaka rangi santuri yoyote ile. Tuipige tujue ni ya nani."

"Wee! Mali ya marehemu hiyo."

"Basi aje mwenyewe atukataze."

Wakaitoa kwenye fremu, wakaiweka kwenye gramafoni ya marehemu iliyokuwa mle chumbani. Sindano ikakwaruza weee, mara ndani ya santuri zikasikika hatua za watu wawili wakishuka ngazi. Kisha kicheko cha Clovis: "Danganya toto hii!" Kisha Lurleen akimkemea. Kisha, "Basi aje mwenyewe atukataze."

Taa ikazimika. Gizani santuri iliendelea kuzunguka, na ndani yake mtu wa tatu akaanza kushuka ngazi, taratibu, kwa hatua nzito.

Lurleen akapapasa, akainyanyua sindano.

Hatua hazikukoma.