Shija Wawili wa Mashine ya Mpunga

Kila siku ya mshahara nilitoka shule mbio ili nimpokee baba mkoba wake. Alifanya kazi kwenye mashine ya kukoboa mpunga ya Mzee Crispin, hapa Rujewa, na siku hiyo hakukosa kutuletea sukari. Lakini mwisho wa Julai, mwaka 1974, alirudi mikono mitupu.

"Wamekata mshahara wote," alimwambia mama.

Kosa lilikuwa la karani. Kwetu Wasukuma, mtoto anayefuata mapacha huitwa Shija, na pale mashineni walikuwapo wawili: baba, Shija Budeba, na mlinzi wa usiku, Shija Shigela. Shigela alipoacha kazi, karani mpya alidhani majina yale ni ya mtu mmoja. Kwa miezi mitatu akampa baba na posho ya usiku ya mwenzake, shilingi sitini kila mwezi. Baba akadhani ni nyongeza, tena akaenda kumshukuru tajiri! Kosa lilipogunduliwa, wakamkata zote mara moja, shilingi mia moja na themanini, sawa na mshahara wake mzima.

"Wewe uliwakubalia?" mama aliuliza.

"Nilitia dole gumba kwenye karatasi yao. Karani alisema karatasi ni ya mshahara tu."

"Baba, si ungeniletea nikusomee?" nilifoka. Aliinamisha kichwa, nami nikajuta kumwaibisha.

Mama alimsihi aende kwa Bwana Liberatus, katibu wa tawi la chama cha wafanyakazi. Baba aliona haya. Wiki nzima ilipita. Unga ukaisha, tukamuuza ng'ombe wetu wa maziwa, na mdogo wangu Ng'washi, aliyekuwa na mwaka mmoja, akashinda akilia. Hapo ndipo baba alipokwenda, nami nikamfuata.

Bwana Liberatus alitupeleka moja kwa moja kwa tajiri.

"Mzee Crispin, fedha ni zako, hakuna anayebisha. Lakini huwezi kuchukua mshahara mzima wa mtu bila kupatana naye. Watoto wake wale nini?"

"Alitia dole."

"Alisomewa?"

Karani alitazama chini. Mzee Crispin alinuna, kisha akakubali baba akatwe shilingi kumi na tano kwa mwezi, mpaka deni liishe. Siku ileile baba alirudishiwa shilingi mia moja sitini na tano.

Tulikwenda mbio kwa aliyemnunua ng'ombe wetu. Alikwisha kumchinja.

Njiani baba alisimama. "Mbuke, kisicho chako kirudishe, hata kama ulipewa kwa makosa. Lakini uliza utakirudishaje, na uulize siku hiyohiyo. Mimi niliona haya wiki moja tu, na sasa mtoto hana maziwa."