Chokaa ya Shimo Jipya

Kengele za mji wa Pistoia hazijawahi kukubaliana ni saa ngapi. Ya kanisa kuu huanza, za mabruda, watawa wa monasteri, hudakia, na kila asubuhi Dianora, binti wa Fundi Bindo mchoraji, alikuwa ameshaamka kabla hazijamaliza ugomvi wao. Aliteka maji, akawasha moto, akasaga rangi kwenye jiwe mpaka mkono ukafa ganzi, kisha akaenda uani kuchota chokaa.

Uani kulikuwa na mashimo mawili. La zamani lilikuwa mwisho kabisa, nyuma ya banda la kuku, na chokaa yake ilikuwa imelala majini muda mrefu hata ikawa laini kama siagi. La jipya lilikuwa karibu na mlango, nalo lilijazwa juzijuzi tu. Hakuna mtoto wa mchoraji asiyejua kwamba chokaa changa haitiwi ukutani. Ndani yake hubaki vijiwe ambavyo havijaiva, navyo huja kuvimba ndani ya lipu na kuirusha vipande. Kazi ya Dianora ilikuwa kuchota ya shimo la zamani, kuichekecha vizuri, na kuibeba kwa ndoo hadi monasteri. Huko baba yake alikuwa akichora, kwenye ukuta wa ukumbi wa kulia, picha ya Yesu akiwalisha watu elfu tano kwa mikate ya mtoto mmoja.

Dianora alikuwa na miaka kumi na miwili. Kazi ya ndoo aliifanya bila kunung'unika, kwa sababu jioni, vyombo vikishaoshwa, alipewa kipande cha mkaa na karatasi kuukuu akachora. Mwanafunzi wa baba yake alikuwa Neri, mtoto wa shangazi yake. Neri hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mvivu tu, na pua zote alizochora zilifanana na vitunguu.

Siku moja Dianora alimchora mtoto wa mwoka mikate, amekumbatia kapu lake kana kwamba mtu anataka kumnyang'anya. Baba yake aliichukua karatasi ile, akaitazama sana dirishani, akaikunja akaenda nayo. Dianora alilala na furaha kubwa usiku ule, akisubiri kusifiwa.

Kesho yake alifika monasteri na ndoo yake, akasimama mlangoni kama aliyepigwa kofi. Mchoro wake ulikuwa umetobolewatobolewa kwa sindano kufuata mistari, tayari kwa kubandikwa ukutani na kupigwa unga wa makaa ili sura ihamie kwenye lipu. Padre Ilario, mkuu wa monasteri, alikuwa ameushika kwa mikono miwili.

"Ajabu," alisema Padre. "Huyu mtoto ana njaa, mwenyewe namwona. Nani kamchora?"

"Huo ni mkono wa mpwa wangu, Padre," Fundi Bindo alijibu, akamgusa Neri begani. "Anainukia vizuri."

Neri aliona haya. Kisha Padre akampapasa kichwani, na haya ile ikaondoka, akatabasamu.

Dianora alitua ndoo kwa kishindo. Alimvuta baba yake pembeni. "Baba, ule ni wangu!"

"Najua ni wako. Punguza sauti."

"Mbona umesema ni wa Neri?"

"Kwa sababu Padre hakukodi msichana. Akijua, ataanza kutafuta makosa hata pasipo na kosa. Nyumba ni moja, kazi ni moja, usiniletee vurugu hapa. Mzee Nuto anasubiri chokaa. Nenda."

Alikwenda, damu inamchemka. Njia nzima alikuwa akizungumza peke yake, na wauza kabichi wakamgeukia. Pua za vitunguu ndizo zinasifiwa! Na mimi nibebe ndoo! Alipofika uani hakuzunguka banda la kuku. Alichota kwenye shimo la karibu, shimo jipya, na chekeche akaliacha pale pale ukutani linaning'inia. Alijua anachofanya. Alitaka kitu kiharibike. Ni kitu gani hasa na kitamwangukia nani, hilo hakujiuliza, maana mtu aliyefura vile hajiulizi.

Nuto, fundi lipu, alikuwa mzee mwembamba aliyewapigia lipu wachoraji wa mji ule tangu Bindo mwenyewe akiwa mtoto. Alitia kidole ndani ya ndoo, akakisugua.

"Ya shimo lipi hii, mwanangu?"

"La zamani."

"Umechekecha?"

"Ndiyo, Mzee Nuto. Kwani vipi?"

Nuto alimtazama kidogo. Lakini Bindo alikuwa anapiga kelele juu ya jukwaa kwamba mchana unakwisha, na rangi lazima ipakwe lipu ikiwa bado mbichi. Nuto akachukua mwiko wake akapiga lipu. Jioni ile mtoto mwenye kapu alikuwa ukutani, mashavu mekundu, akitazama mikate yake, na mabruda wakaja mmoja mmoja kumpongeza Neri.

Hazikupita wiki mbili, ukuta ukaanza kutema. Kwanza kishimo kwenye shavu. Kisha puani. Kisha vingine vingi, kila kimoja na kijiwe cheupe katikati, mpaka yule mtoto akaonekana ana ndui. Vumbi lake lilidondoka kwenye supu ya kunde ya mabruda waliokuwa wakila chini yake.

Padre Ilario aliita watu wote. Alikuwa mwekundu hadi masikioni. "Fundi Bindo! Hii ndiyo kazi? Umenichorea mgonjwa?"

Bindo alipanda jukwaani, akagusa vile vishimo, na hasira ikampanda hapo hapo. "Nuto! Njoo uone ulichonifanyia! Chokaa hukuiangalia?"

"Niliangalia," alisema Nuto. "Na nikamuuliza mtoto wako."

Wote wakamgeukia Dianora: baba yake, Neri, Padre, mabruda na mabakuli yao. Angeweza kusema. Badala yake akawaza jinsi baba yake atakavyomtolea macho, na jinsi Neri atakavyocheka.

"Nilichota shimo la zamani," alisema. "Nilichekecha."

"Umesikia?" Bindo alifoka. "Umezeeka, Nuto, macho yamekwisha, na hutaki kukubali. Umenipaka matope mbele ya watu. Ondoka! Sitaki kuuona mwiko wako tena kwenye kazi yangu."

Nuto alimtazama Dianora tu, akakusanya vyombo vyake akatoka, na mlango akaubamiza hadi vumbi jingine likadondoka.

Habari mbaya huenea upesi kwenye mji mdogo. Kila asubuhi mafundi wasio na kazi husimama uwanjani mbele ya kanisa kuu kungoja kuitwa, na kila asubuhi Dianora alipita pale akienda kununua mkate. Kesho yake alimkuta Nuto amesimama nao, mwiko kiunoni. Msimamizi mmoja wa ujenzi alipita akichagua: wewe, wewe, na wewe. Alipomfikia Nuto akacheka.

"Si wewe uliyempa ndui mtoto wa Padre Ilario? Nenda kapige lipu mabanda ya nguruwe, mzee. Nguruwe hawana neno."

Wenzake walicheka. Wengine walikuwa vijana aliowafundisha mwenyewe kushika mwiko. Nuto alikunja ngumi, lakini angempiga nani, wote wale?

Dianora alirudi nyumbani bila mkate. Roho ilimsuta hata akashindwa kumeza chakula, na wakati wa mlo wa jioni, Neri akiwa kwao, aliyasema yote kwa pumzi moja: shimo jipya, chekeche, uongo wa kwanza na uongo wa pili.

Bindo aliacha kutafuna. Uso ulimbadilika rangi. Halafu, badala ya kufoka, akashusha sauti.

"Nani mwingine anajua?"

"Hakuna."

"Basi iishie hapa. Padre ameshaamini ni Nuto. Akijua imetoka nyumbani kwangu, atatufukuza sote. Kula."

"Bindo!" alisema Tancia, mama yake Dianora.

"Kula, nimesema!"

Dianora alisimama. Hasira aliyoisikia sasa haikuwa ile ya kubeba ndoo. "Sili! Mzee Nuto anachekwa uwanjani kwa sababu yangu, na wewe unaniambia nile? Jana ulimwita kipofu mbele ya watu wote. Mimi ni mwongo, Baba, lakini wewe sasa unajua na unataka kunyamaza! Kesho nitakwenda kusema mwenyewe, unichape usinichape."

Bindo aliinua mkono. Tancia akatua upawa mezani, akasimama kati yao.

"Mpige na mimi, basi," alisema. "Mtoto amesema kweli. Wewe je, unamwogopa Padre au unaogopa kumwomba msamaha fundi lipu?"

Bindo alishusha mkono. Alitazama mikono yake yenye rangi kwenye kucha, akatukana kwa sauti ndogo, akaenda kulala bila kumaliza supu.

Asubuhi alikuwa wa kwanza kutoka. Dianora alimkimbilia nyuma hadi uwanjani. Mbele ya mafundi wote, na yule msimamizi akiwa bado anachagua, Fundi Bindo alivua kofia.

"Jamani, nisikilizeni. Nuto hakukosea. Chokaa ilikuwa changa, ilitoka kwangu, na nilimsingizia. Nuto, nisamehe."

"Mimi ndiye niliyeichota," Dianora alisema kwa nguvu, machozi yakimtoka. "Aliniuliza nikamdanganya. Mara mbili."

Hakuna aliyecheka. Nuto alimtazama Bindo, akamtazama mtoto, na hakuonekana mtu aliyefurahi hata kidogo.

"Unadhani kofia mkononi inatosha?" aliuliza. "Nimefundisha nusu ya hawa. Jana walikuwa wananicheka kama mlevi. Twende kwa Padre ukayaseme haya haya, halafu ndio tuzungumze kuhusu kusameheana."

Padre Ilario aliwasikiliza akiwa amefumba macho. Alipoyafumbua yalikuwa makali. "Ubomoeni uso ule leo. Mtaupaka upya, na sitaki kusikia kelele za nani kachoka. Na aliyeleta chokaa ile ndiye atakayeanza kubomoa."

Kwa hiyo Dianora alipanda jukwaani na nyundo na patasi. Mtoto wa mwoka mikate alimtazama kwa jicho moja, jingine lilikuwa limeshabanduka. Alipiga, shavu likaanguka. Alipiga tena, kinywa. Ule ulikuwa mchoro mzuri kuliko yote aliyowahi kuchora, na karatasi yake ilikuwa imechakaa kwa matundu. Alilia huku akipiga, akapiga kwa nguvu zaidi kwa sababu alikuwa analia. Chini, Nuto alikuwa anakoroga chokaa ya shimo la zamani.

Kazi ilipokwisha Nuto alipanda, akaanza kupiga lipu mpya. Alizungumza bila kuacha mwiko.

"Nilipokwenda kwenu kuchota chokaa, mama yako kanieleza juu ya ule mchoro. Kwamba ulikuwa wako."

"Ndiyo, Mzee Nuto."

"Basi ulikuwa na haki ya kukasirika. Hata mimi ningekasirika. Lakini aliyekukosea ni baba yako, na hasira umeniletea mimi. Uliificha ndani ya ndoo, ukanipa niipake ukutani kwa mkono wangu mwenyewe. Hiyo ndiyo sikuipenda. Hasira si kosa, mwanangu. Kosa ni kuificha, halafu ikamwangukia mtu asiyehusika. Mtu akikukosea, simama mbele yake, umwambie. Utatetemeka, lakini mwambie."

Dianora alifuta pua kwa mkono wa gauni. Chini ya jukwaa walikuwa wamesimama baba yake, Neri na Padre Ilario. Alitetemeka kweli. Alishuka ngazi, akasimama mbele ya baba yake.

"Baba, yule mtoto nilimchora mimi, na wewe ukampa Neri. Nina hasira na wewe tangu siku ile mpaka leo."

Neri alitazama viatu vyake. "Nami nilinyamaza," alisema. "Nisamehe, Dianora."

Padre Ilario alimgeukia Bindo polepole. "Ni kweli?"

Bindo angeweza kutafuta maneno mengine, maana alikuwa nayo mengi, lakini binti yake alikuwa bado anamtazama machoni.

"Ni kweli, Padre. Ni mkono wake. Nilikudanganya, na yeye nikamdhulumu. Dianora, nilikukosea."

Padre alivuta pumzi kwa hasira. "Nyumba moja, na uongo chungu nzima! Nani sasa atamchora huyo mtoto?"

"Lipu haingoji mmalize kugombana," Nuto aliita kutoka juu. "Inakauka!"

Fundi Bindo alichukua kipande cha mkaa akamwekea binti yake kiganjani. "Panda," alisema.

Dianora alipanda. Ukuta ulikuwa mweupe na unyevu, na Mzee Nuto, akiwa bado amekunja uso, alisogea kumpa nafasi.