Jike Atengwe Kwanza

Jioni ile nilikwenda kuzima taa tu.

Mwalimu, mwenye nyumba wangu, alikuwa amelazwa kwa upasuaji wa macho, na kazi ya chumba cha nyuma aliniachia mimi. Ni mzee mjane, amestaafu kufundisha, anafuga boa. Hao ni nyoka wakubwa wanaofanana na chatu. Alikuwa nao wawili, jike na dume, kila mmoja na sanduku lake la kioo. Tangu mkewe afariki, miaka mitatu sasa, alikuwa akijaribu kuwazalisha bila mafanikio.

"Usiogope, Mama Kibonge," aliniambia kabla hajaondoka. "Hawana sumu. Na wana adabu kuliko wanafunzi wangu wote."

"Wakinimeza je?"

"Wewe? Utawakwama kooni kwa maswali."

Akanielekeza. Boa hatagi, anazaa watoto hai kama sisi. Lakini jike hapokei dume hivihivi. Lazima kwanza apunguziwe joto: taa yake izimwe kila jua linapozama, chumba kipoe mpaka asubuhi. Chakula asipewe. Na akae peke yake wiki kadhaa.

"Jike atengwe kwanza," alisema. "Akishachoka na upweke, ndipo dume analetwa. Huyo nitamleta mwenyewe nikirudi. Wewe zima taa, nyunyiza maji, andika kwenye daftari. Basi."

Nilimhurumia yule jike. Mimi nami nilikuwa na mwezi wa tano bila mume. Baba Kibonge anafanya kazi machimboni, safari ya siku mbili, na simu yake haipatikani mpaka apande kilimani. Chumbani tulikuwa wawili, mimi na mtoto wa miezi minane. Kila nilipozima ile taa nilimwambia nyoka pole, kama namwambia mtu.

Jioni ile, siku ya nne, nikakuta taa imeshazimwa.

Kioo kilikuwa na matone mapya, bado yanateremka. Chumba kilinuka sabuni ya kufulia... na kitu kingine, kama nguo iliyosahaulika sandukuni. Kwenye daftari, chini ya mwandiko wangu wa kukwaruza, palikuwa na mwandiko mwingine, wa duara, safi:

*Maji yalikuwa machache, nimeongeza. Mtoto wako anakohoa. Mfunike kifua.*

Nilidhani ni ndugu wa Mwalimu mwenye ufunguo wake. Sikuogopa. Niseme ukweli, nilifurahi. Hakuna mtu aliyekuwa ameniuliza habari za kile kikohozi. Nikaandika chini yake: *Asante. Wewe ni nani?*

Kesho yake sikupata jibu la swali langu. Paliandikwa: *Umepungua. Unakula kweli?*

Basi tukawa tunaandikiana. Nilimweleza mambo ambayo sikuwa na wa kumweleza. Kwamba jino la mtoto limechomoza. Kwamba usiku nalala ukingoni mwa kitanda, kana kwamba kuna mtu nampisha. Yeye alijibu kwa maneno machache, lakini ya huruma. *Pole. Hutakaa hivi milele.* Ikafika mahali nikawa nasubiri jua lizame.

Wiki ya pili, balbu ya chumbani kwangu ikaanza kuzimika magharibi.

Yangu peke yake. Kwa jirani taa zinawaka, redio inaimba. Yangu inazimika jua likizama, inawaka alfajiri. Nikabadilisha balbu. Ikazimika nayo. Chumba kikawa cha baridi, na chakula hakishuki. Nikajiambia ni mawazo.

Siku moja, kiza kilipoanza kuingia, nilimlaza Kibonge kitandani nikakimbia mara moja chumba cha nyuma.

Dume alikuwa ndani ya sanduku la jike.

Kufuli la sanduku lilikuwa limefungwa, na ufunguo wake ulikuwa shingoni mwangu. Walikuwa wamejisokota, mikia imeshikana. Magamba yalisuguana taratibu... kama mtu anayefunua kurasa gizani.

Nikamulika daftari kwa simu.

*Jike: amepoa. Hali chakula. Amekaa peke yake vya kutosha. Dume ameletwa. Amempokea.*

Chini yake mstari mmoja umerukwa. Halafu:

*Mama: amepoa. Hali chakula. Amekaa peke yake vya kutosha. Mtoto nimemtoa. Dume analetwa leo.*

Nikasoma tena.

*Mtoto nimemtoa.*

Sikumbuki nilivyokimbia. Kitanda kilikuwa kitupu. Nikatupa mashuka, nikainama uvunguni, nikaita. Ndipo mwanga wa simu ukaangukia kona ya nyuma ya mlango, kwenye beseni la plastiki lenye mfuniko wa matundu. Mwalimu alikuwa ameliandaa kule chumba cha nyuma kwa ajili ya watoto wa boa.

Nikafunua.

Kibonge alikuwa amelala humo. Amevingirishwa blanketi, kifua kimefunikwa, chupa ya maji moto imefungwa kitambaa na kuwekwa miguuni. Jasho hana, baridi hana. Mimi mwenyewe sijawahi kumfunika vizuri namna ile.

Nikatia komeo mlangoni, nikamkumbatia. Hakuamka.

Mlango ukagongwa. Mara mbili, polepole.

"Kadogo..."

Hakuna anayeniita Kadogo duniani ila mume wangu.

"Kadogo, nimerudi. Nifungulie. Huku kuna baridi."

Ilikuwa sauti yake, na ule mkwaruzo wake wa vumbi la machimbo. Miguu ikanipeleka yenyewe. Mkono ukashika komeo. Miezi mitano, jamani. Nilitaka kufungua kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote.

Kisha nikakumbuka: *analetwa leo.*

Nikampigia simu. Ikaita. Nikategea sikio mlangoni, na huko nje hapakulia kitu. Simu ikapokewa, nikasikia upepo mkali.

"Kadogo? Nilikuwa nataka kukupigia sasa hivi."

"Uko wapi?"

"Kilimani, natafuta mtandao. Kwani vipi?"

"Kadogo," ikasema sauti ya mlangoni, chini zaidi sasa, karibu na kizingiti. "Nifungulie, mke wangu."

Sikumwambia. Ningemwambia nini mtu aliye mbali vile?

"Hakuna kitu," nikanong'ona. "Nimekukumbuka tu."

Mtandao ukakatika. Nje, kitu kirefu kilijiburuta kando ya ukuta... kikaenda, kikarudi... kikaenda. Nilikaa na mtoto kifuani mpaka balbu ilipowaka.

Mwalimu alirudi siku hiyohiyo, jicho moja limefungwa bandeji. Nikampa daftari. Alisoma kwa jicho moja, akapitisha kidole juu ya ule mwandiko wa duara.

"Ni marehemu mke wangu," alisema. "Kuzalisha alijua yeye. Mimi nilijua kulisha tu."

Nikamweleza yote, na mlango. "Ananitakia nini, Mwalimu? Nimemkosea nini?"

"Mabaya hakutakii, mwanangu. Sisi hatukujaaliwa mtoto. Mke wangu hakuweza kuvumilia kuona kiumbe kinakaa peke yake."

Nilipotoka kwenda kufunga vitu vyangu, nilimwona ameinamia daftari. Aliandika chini ya maneno ya mkewe: *Na mimi je?*

Nikahamia kwa mama mkubwa, ng'ambo ya pili ya mji. Kuna watu wengi, kelele tele, na chumbani tunalala na mama mkubwa na mjukuu wake mkubwa. Nikaanza kula tena.

Leo mchana, miezi sita baadaye, Mwalimu amenipigia simu. Jike amezaa watoto ishirini na saba, wote hai. Nilimpongeza. Kisha akasema, "Mimi bado hajanijibu."

Na magharibi hii mlango umegongwa.

"Kadogo, nimerudi."

Nilipiga simu kwanza. Ililia palepale nje, mfukoni mwake, akacheka. Mama mkubwa alichungulia dirishani akathibitisha: ni mkwe wake, ana begi, ana vumbi mpaka kwenye nyusi. Nikafungua. Akanikumbatia kwa muda mrefu, mikono yake baridi mgongoni mwangu.

"Afadhali leo umefungua," alininong'oneza. "Mara ile uliniacha nje."

Habari za mlango ule sijamwambia. Alizijua Mwalimu peke yake, na Mwalimu hana namba yake.

Mama mkubwa ametuachia chumba, amekwenda kulala sebuleni na mjukuu wake mkubwa. Baba Kibonge hakutaka chakula. Amelala upande wa ukutani. Mimi nimekaa sakafuni, mtoto mapajani. Sasa hivi mama mkubwa amegonga akauliza kama tuna shida yoyote, nami nikamjibu hatuna, alale tu.

Karibu mwaka mzima nimeomba nisikie mtu akipumua karibu yangu. Huyu anapumua. Amesogea, amenipisha nafasi.