Kilichoua Samaki wa Mama Dodo

Katika barabara yao pale Panda, mjini Likasi, watu wote walijua usafi wa Rosalie. Jua likichomoza, amekwisha kufagia kiwanja, amekwisha kupangusa sakafu, na ndoo zake za maji ya kunywa zimefunikwa, kila moja ikiwa imetiwa javel kidogo, ile dawa ya kuua vijidudu, kwa sababu ya kipindupindu. Majirani walimtania. Walisema hata nzi akitaka kuingia kwa Mama Dodo, hupangusa miguu kwanza mlangoni. Rosalie alicheka, akaendelea kufagia.

Germain, mume wake, alifanya kazi katika kiwanda cha shaba. Mwenzake wa kazi alipohamia Lubumbashi, alimwachia akwarium, yaani sanduku la vioo la kufugia samaki, pamoja na changarawe yake na chujio cha umeme cha kusafisha maji. Germain alilileta nyumbani juu ya kigari cha kusukuma, limefungwa katika blanketi kama mgonjwa anayepelekwa hospitali. Binti yao mdogo, Dodo, alitembea kando yake njia nzima, mkono juu ya kioo.

Siku ile ile wakaanza kazi. Rosalie aliosha vioo kwa sabuni ya unga na javel mpaka vikang'aa. Germain alijaza maji ya bomba. Chini, juu ya changarawe, wakapanga mawe, na hayakuwa mawe ya hivi hivi. Yalikuwa malakiti, yale mawe ya kijani yenye mistari, ambayo nyumba nyingi za Likasi hazikosi moja juu ya kabati. Germain alisema kama kuna kitu kinachoonyesha uzuri wa Katanga, ni jiwe lile. Dodo alichagua kubwa kuliko yote, akaliweka katikati. Halafu samaki wekundu waliotoka kununuliwa wakamwagwa humo, moja kwa moja kutoka katika mfuko wa plastiki. Familia nzima ikakaa mbele ya kioo kama mbele ya televisheni.

Kulipokucha, mmoja alikuwa anaelea tumbo juu. Juma halikwisha, wote wakawa wamekufa. Germain alimlaumu muuzaji, eti alimpa samaki wagonjwa. Rosalie akaosha tena, safari hii kwa javel nyingi zaidi. Mawe yale yale yakarudi chini, samaki wengine wakanunuliwa. Nao wakaanza kufa.

Wakati huo Tantine Cathy, dada mkubwa wa Germain, alikuwa amekuja kuwatembelea kutoka Kambove. Hakuwa mtu mbaya. Mama yao alipofariki, ni yeye aliyemlea Germain, akamvalisha, akamsomesha. Lakini alikuwa na macho ya kutafuta. Alimwona Dodo amekaa mbele ya samaki, midomo inachezacheza, anaongea nao. Asubuhi moja, wakati wa chai, Dodo alisema kwamba yule wa mkia mrefu atakufa leo. Saa sita, yule wa mkia mrefu akafa. Kesho yake Dodo akaonyesha mwingine, na huyo pia akafa.

Tantine Cathy akaweka kikombe chini.

"Germain, mutoto anasema samaki itakufa, na inakufa. Weye unaona ile ni kintu ya kawaida?"

Akaeleza kwamba anajua chumba cha maombi ambapo watoto wa namna hiyo wanaombewa. Jumamosi, siku ya posho, angempeleka Dodo mwenyewe.

Rosalie alivijua vyumba vile. Mtoto wa jirani alipelekwa katika kimoja, akarudi shingo imekuwa nyembamba kama kijiti. Kule mtoto ananyimwa chakula. Anaulizwa mpaka akubali jambo asilolijua. Tena jina la ulozi likishamwangukia mtoto, barabara nzima inaliokota, na kulivua ni kazi ya maisha. Akamtazama mume wake. Germain alikuwa anatazama sakafu. Kumkatalia dada aliyekulea si jambo jepesi.

Rosalie hakupandisha sauti; alimwita kwa heshima, Ya, yaani dada mkubwa.

"Ya Cathy, minye ninakuheshimia. Lakini mutoto yangu hatatoka hapa na jina ile. Samaki haikufe bure. Kuko kintu inaziua. Leka niitafute kwanza."

"Na kama haukipate?"

"Nitakipata."

Akamwita Dodo jikoni, akampa karanga mkononi, akamwuliza polepole alijuaje kwamba samaki atakufa. Mtoto akamshangaa, kama mtu aliyeulizwa anajuaje kwamba mvua inanyesha.

"Mama, ile yenye itakufa inapanda juu. Inafungua kinywa, inafungua, sawa vile inakosa pumzi. Na inajikwaruza ku mawe. Zingine hazifanye vile. Njo ninajua."

Rosalie akashusha pumzi. Kumbe mtoto hakuwa anaroga. Alikuwa anaangalia, pale ambapo wakubwa walipita tu na ufagio.

Akamshika Dodo mkono, wakaenda moja kwa moja kwa Madame Reine, jirani yao wa barabara ya pili. Madame Reine alifundisha biolojia katika shule ya sekondari, na sebuleni kwake kulikuwa na samaki wanene, wanacheza kama vijana siku ya sikukuu. Hakuanza na mama. Alimwinamia Dodo, akamsikiliza mpaka mwisho. Halafu akamgeukia Rosalie. Waliosha kwa kitu gani? Maji yalikaa muda gani kabla ya samaki kuingia? Aliposikia sabuni na javel, akatikisa kichwa. Aliposikia kwamba samaki waliingia siku ile ile, akatikisa tena. Mwisho akauliza chini kuna mawe gani. Rosalie akajibu kwa fahari kidogo: malakiti.

"Mama Dodo, malakiti iko na shaba ndani," Madame Reine alisema. "Unaitia mu mayi, shaba inatoka kidogo kidogo. Weye hauione. Lakini samaki anapumua mayi, vile sisi tunapumua hewa. Shaba inamuchoma fasi ya kupumulia. Njo maana anapanda juu."

Rosalie akafikiria mshahara wa Germain. "Kumbe sisi tunakula sababu ya shaba, Madame, na samaki inakufa sababu ya shaba."

Madame Reine akacheka mpaka akavua miwani. Halafu akasema neno ambalo Rosalie alilibeba njia nzima mpaka nyumbani: "Huyu mutoto haiko mulozi. Ni muntu wa kuangalia. Ku darasa yangu ninamutafuta mumoja sawa yeye, simupate."

Lakini Rosalie alimjua wifi yake. Maneno matupu hayangemtosha. Alihitaji kitu cha kuona. Mchana ule Madame Reine akaja. Wale samaki wachache waliobaki hai aliwatia katika ndoo yake ili akawatunze kwake. Alifunga kipande kidogo cha jiwe katika kitambaa, akakiponda, akatia chengachenga katika glasi ya siki. Akaifunika, akaiweka juu kabisa ya kabati, akakataza mtu yeyote asiionje wala mtoto asiiguse, kwa sababu hiyo sasa ni sumu. Akaosha mikono. Alieleza kwamba siki ni kali kuliko maji: kazi ambayo maji yanaifanya polepole, siki inaifanya upesi.

Kulipokucha, siki iliyokuwa nyeupe ilikuwa imegeuka rangi, bluu inayoelekea kijani. Tantine Cathy alikuwa wa kwanza kuishusha. Akaizungusha mbele ya dirisha, muda mrefu.

"Hii rangi imetoka wapi?"

"Ku jiwe, Ya Cathy," Rosalie alisema. "Na jiwe haikutiwa na mulozi. Ilitiwa na sisi benyewe, na tulikuwa tunaisifu."

Siku ya posho ilipofika, Tantine Cathy alichukua kikapu, akaenda sokoni peke yake, Dodo akabaki nyumbani. Aliporudi, alimkatia Dodo kipande cha muwa kabla ya kumpa mtu mwingine yeyote. Germain akaona, akainua uso.

Hapo ndipo Madame Reine akawafundisha upya, toka mwanzo. Mawe ya kijani yote yakatoka. Changarawe ya zamani na sifongo ya chujio vikatupwa, kwa kuwa vilikwisha kunywa shaba. Sanduku likasuguliwa kwa maji matupu na kitambaa kipya, likasuuzwa tena na tena. Sabuni hapana, javel hapana. Kwa mikono ya Rosalie hiyo ilikuwa adhabu. Chini wakatandika changarawe ya akwarium ambayo Madame Reine aliwapa, imeoshwa mpaka maji yake yakatoka meupe. Kuokota mawe ya mto aliwakataza, maana mto unaopita chini ya migodi na viwanda hubeba vitu usivyoviona. Sanduku likawekwa juu ya meza imara, mbali na dirisha, ili jua lisiyapashe maji moto. Maji ya bomba yakakaa kwanza kwenye beseni wazi, yakikorogwa mara kwa mara, ili dawa inayotiwa bombani ipungue. Alisema kuna pia matone ya dukani ya kuiondoa, na kwamba ukiyapata ni bora kuyatumia.

Chujio kikaanza kuzunguka. Dodo akauliza samaki wanaingia lini.

"Bado. Kwanza tunafuga benye hawaonekane," Madame Reine alisema.

Akaeleza kwamba uchafu wa samaki hugeuka sumu ndani ya maji. Lakini kuna vijidudu vizuri, vidogo hata jicho halivioni, vinavyokula sumu hiyo na kuigeuza. Vinaishi katika changarawe na katika sifongo ya chujio. Huzaliana polepole, kwa majuma mengi, mara nyingi zaidi ya mwezi. Kwa hiyo kila siku tia unga kidogo sana wa chakula cha samaki, ingawa samaki hakuna, ili vipate cha kula. Umeme ukikatika, koroga maji kwa kikombe safi, sifongo isikauke. Na siku ya kuosha sifongo, isuuze katika maji ya akwarium yenyewe, usiipeleke bombani, la sivyo utaviua vyote.

Majirani walipata kicheko kipya. Walisimama mlangoni wakiangalia sanduku lenye maji tu. "Mama Dodo anafuga mayi," walisema. Katikati ya kungoja, maji yakawa na ukungu kama maji ya kuoshea mchele. Vidole vya Rosalie vikawasha kutaka kuosha. Hakuosha.

"Minafuga mayi kwanza," aliwajibu. "Samaki ikikuja, itakuta nyumba. Weye ungemuleta mugeni mu nyumba haina paa?"

Ukungu ukaondoka wenyewe. Madame Reine alichovya karatasi yake ya kupimia maji, siku kadhaa, mpaka siku moja akasema sasa yako tayari. Akawaletea samaki wachache tu, wadogo, wenye mikia ya rangi. Mfuko wao ukaelea kwanza juu ya maji mpaka joto likalingana. Dodo akaongeza maji ya akwarium ndani ya mfuko, kikombe kidogo kidogo. Kisha samaki wakachukuliwa kwa wavu, na maji ya mfuko yakamwagwa nje.

Hakuna aliyepanda juu kutafuta pumzi. Miezi ikapita. Samaki mmoja jike akazaa, watoto wadogo kama kope za macho.

Mama unayesoma, mtoto wako akiona kitu kabla yako, usiogope macho yake. Mwulize ameona nini. Na samaki wako usiwaharakishe: maji kwanza, samaki nyuma.

Siku moja simu ikalia kutoka Kambove. Ilikuwa Tantine Cathy. Kuku wa jirani yake walikuwa wanakufa, na watu walikuwa wameanza kumnyooshea kidole Arielle, yatima aliyekuwa akiwalisha kuku hao. Walikwisha kumfungia katika chumba, bila kula. Tantine alisema alisimama katikati ya kiwanja cha jirani huyo na hakutoka. Aliwaambia wamletee kwanza kile chakula cha kuku akione. Waliponyanyua mfuko, pumba za chini zilikuwa zimeota ukungu mweusi, zinanuka.

"Na Arielle?" Rosalie aliuliza.

Ndani ya simu Rosalie akasikia kijiko kinagonga sahani.

"Iko hapa kwangu," Tantine Cathy alisema. "Anakula."