Nyuma ya Kabati la Mama Mkwe

Harufu ilianza siku dalali alipokuja kupiga picha za nyumba. Ingekuwa ya panya aliyekufa, tungesamehe. Hii ilikuwa ya mafuta ya kukaangia yaliyochacha, na nywele zilizolowa, na ndani yake utamu fulani, kama mdomo wa mgonjwa asubuhi. Dalali alijikausha, akasema nyumba ni nzuri, ila isafishwe barabara kabla mnunuzi hajafika Jumamosi.

Mama Kadogo, mwenye nyumba, aliona ametukanwa. Yeye anayedeki kila siku! Na kweli alideki, tusimsingizie, lakini alideki pale macho yanapofika. Kabati la jikoni halikuwahi kusogezwa tangu mama mkwe wake afariki, huu mwaka wa tatu. Bibi yule akiwa hai hakutaka liguswe, na alipozikwa, mjane huyu akasema mgongo unamuuma. Mafuta yakachuruzika nyuma, vumbi likanata, makombo yakafuata. Loh, watu na nyumba zao!

Na haraka alikuwa nayo. Kifua cha binti yake kilikoroma usiku na mchana, na daktari alishamwambia kwamba unyevu wa nyumba ile utammaliza mtoto. Lazima iuzwe, wahamie mtaa wa juu kwenye hewa kavu. Basi akanunua rangi nyeupe, akapaka ukuta kulizunguka kabati, akaridhika.

Asubuhi, juu ya rangi mpya, palikuwa na doa la mafuta lenye vidole vitano. Akachukua tambara alilokata kwenye gauni kuukuu la mama mkwe, kitambaa kizito kinachonyonya vizuri, akafuta. Tambara likatoka na ute wa njano na unywele mmoja wa mvi. Kabla halijakauka, doa likarudi, safari hii chini zaidi, usawa wa kichwa cha mtoto.

Mchana akamkuta Kadogo amekaa kitako, ameegemea kabati, analamba vidole. Midomo ilimeremeta kwa mafuta.

"Nani kakupa?" mama akauliza kwa sauti ya chini.

"Bibi," Kadogo akasema. "Anasema wewe humpikii."

Mama Kadogo akatapika palepale kwenye sinki.

Ijumaa jirani akamletea mganga, mama mtu mzima aliyestaafu ufagizi wa hospitali. Badala ya ubani alikuja na ndoo, magadi na brashi ya waya. Akanusa mlangoni, akakunja uso. Akaeleza kwamba jini la namna hii halijali moshi wala makelele, maana linaishi kwa uchafu, na anayetaka lihame alinyime chakula. Kisha akamwambia mwenye nyumba ashike upande wa pili.

Kabati likasogea, na kilichokuwa nyuma yake Mama Kadogo hakukisahau tena maishani, maana ukuta wote ulikuwa umevaa ngozi, ngozi nene ya mafuta na vumbi na mvi, yenye mende waliokwama wakipunga miguu, na ngozi ile ilikuwa inapanda na kushuka, inapanda na kushuka, ikikoroma mkoromo uleule wa kifua cha Kadogo, pumzi kwa pumzi, hata mtoto alipokohoa sebuleni ukuta nao ukakohoa, ukatema kitu cha uvuguvugu kwenye mkono wa mama yake.

Walikwangua hadi jioni. Maji ya moto yalipolimwagikia lile jini, lilinung'unika kama mgonjwa anayegeuzwa kitandani. Likavuja, likapungua, likaisha. Sebuleni Kadogo alikuwa amelala, anapumua kimya kwa mara ya kwanza tangu mvua zianze, na Mama Kadogo akalia bila kuona aibu.

Mganga akamshika mkono. "Brashi, ndoo, matambara, choma vyote. Usihame na hata kimoja. Umenisikia?"

Alisikia. Akachoma vyote nyuma ya nyumba, isipokuwa kile kipande cha gauni. Kitambaa kizima kama kile, jamani, kitupwe? Akakifua kwa sabuni mara mbili, akakitia mkobani.

Jumamosi mnunuzi alipita kila chumba, akasifu ukuta wa jikoni, akanunua. Jumatano mama na mwana walikuwa kwenye nyumba yao mpya, kabati wamemwachia mnunuzi, madirisha wazi, upepo unaingia. Mama Kadogo alikuwa anatundika mapazia, anaimba, alipogundua kwamba binti yake amenyamaza mno.

Akaenda jikoni. Tambara lilining'inia chini ya sinki, halijatumika tangu wahamie, na lilikuwa linadondosha mafuta, tone baada ya tone, kwenye sakafu mpya. Kadogo alichuchumaa chini yake, midomo inameremeta, kifua kinakoroma.

"Mama," akasema, "bibi anauliza, kabati lake utaliweka wapi?"