Mkasi wa Dorcas Ulionuka Samaki

Kila asubuhi, kabla hajagusa cherehani, Dorcas alinusa mkasi wake.

Tangu lini fundi nguo akanusa mkasi? Usiniulize mimi. Muulize mumewe, mzee Mashimba, aliyemtazama kila siku huku chai ikimpoa mkononi.

"Leo vipi?" Mashimba alimuuliza.

"Samaki," alijibu Dorcas. "Unanuka samaki. Nilijua tu."

Walikaa Kirumba, Mwanza, kwenye nyumba iliyojengwa juu ya mawe. Soko la samaki la Mwaloni lilikuwa hapo chini. Harufu ya samaki Kirumba si habari. Inaingia ndani bila kupiga hodi. Lakini Dorcas alisema harufu ya hewani ni moja, na harufu ya ndani ya mkasi ni nyingine. Hiyo ya ndani ya mkasi imeletwa na mtu.

Na mtu huyo alikwisha kumpata. Alikuwa Queen, mkwe wake, mke wa mwanawe Nathaniel. Nathaniel alifanya kazi Geita, akirudi kila mwisho wa mwezi. Queen alibaki na wakwe zake. Kila jioni alikaanga sato mbele ya nyumba na kuwauzia wapita njia. Sasa sato humkaangi na mapezi yake. Lazima uyakate kwanza, nayo yana miiba. Dorcas alijiuliza moyoni: ndani ya nyumba hii, ni kitu gani kinaweza kukata mapezi hayo upesi kuliko mkasi wangu?

Mkasi wenyewe ulikuwa mzito, wa chuma tupu. Pande zake mbili ziliunganishwa kwa ribiti, kimsumari kilichopondwa ncha zote mbili kisifunguke. Dorcas alikuwa nao kwa miaka kumi na minane. Mkasi wa fundi haukati karatasi. Haukati waya. Hauazimwi hata kwa ndugu. "Mkasi ni kama mswaki," alizoea kusema. "Kila mtu na wake."

Lakini kwa wiki tano sasa mkasi ule uliumwa. Ulikuwa mgumu kufungua na mgumu kufunga. Haukukata, ulitafuna. Kitambaa kilijikunja katikati ya makali, kikatoka na meno meno.

Dorcas alifanya alichokijua. Aliupeleka kwenye jiwe kubwa nyuma ya nyumba, wanaponolea visu na mapanga. Akausugua upande wa nje. Akausugua na upande wa ndani. Kisha akatia tone la mafuta kwenye ribiti ili ulegee. Siku mbili mkasi ulikata. Siku ya tatu ulitafuna vibaya zaidi.

"Unaona?" alimwambia mumewe. "Mimi natengeneza, mtu anaharibu."

Akatega mtego. Jioni alipomaliza kazi aliufunga mkasi kwa uzi mwekundu, mizunguko saba, na fundo lake mwenyewe. Asubuhi uzi ulikuwa pale pale na fundo lile lile. Mtu mwingine angesema, basi, hakuna aliyeugusa. Dorcas alitikisa kichwa. "Mjanja huyu! Amekwisha jifunza fundo langu."

Akaanza kuulaza chini ya mto.

"Miaka thelathini nimelala na mke," alilalamika Mashimba. "Leo nalala na mkasi. Siku nikikatwa sikio utasema ni Queen."

Dorcas hakucheka. Alimwambia Queen asiguse hata meza ya cherehani. Queen aliitika, "Haya, mama," akaenda zake jikoni.

Alhamisi mambo yakaharibika. Kwaya moja ya Sengerema ilikuwa imeagiza majoho kumi na mawili ya satini ya bluu. Kiongozi wao, Justa, angekuja kuyachukua Jumamosi ya wiki iliyofuata. Kitambaa hakikuwa na ziada. Dorcas alitandika satini, akaanza kukata mkono wa joho la kwanza. Mkasi ukaingia, ukakwama, ukavuta. Satini ikachanika.

"Queen!"

"Abee, mama."

"Umekatia samaki mkasi wangu!"

Ng'ambo ya kinjia, jirani yao Hellen alikuwa anafua. Akaacha kufua.

"Mimi, mama?" Queen alishangaa. "Mimi nina kisu changu. Mkasi wako sijaugusa hata siku moja."

"Nusa! Unanuka nini?"

Queen alinusa. "Ni samaki kweli," alisema. "Lakini si mimi."

"Kama si wewe, ni nani? Mzee Mashimba? Paka? Kikulacho ki nguoni mwako! Nimeingiza mwizi wa mkasi ndani ya nyumba yangu!"

Queen aliingia ndani. Alipotoka alikuwa na nguo zake, amezifunga kwenye kitenge. Macho yalikuwa mekundu, lakini sauti haikutetemeka.

"Mama, siwezi kukaa mahali ninapoitwa mwizi. Kwetu ni Busisi. Siku hizi daraja lipo, sina hata kivuko cha kungoja."

Moyo wa Dorcas ulishtuka. Nathaniel akirudi na kukuta mkewe hayupo, atamwambia nini? Lakini mdomo ulikwisha tangulia. "Nani amekuzuia?"

"Hakuna. Ila kwanza twende kwa Mama Farouk, aufungue huo mkasi. Kama nimekatia samaki, magamba yamejificha kwenye maungio. Yakionekana, naondoka na hutaniona tena. Yasipoonekana, utarudi useme hapa hapa, mbele ya walewale waliosikia."

Hellen aliinama akasuuza shati ambalo alikwisha kulisuuza mara tatu.

Mama Farouk, jina lake Zakia, alikuwa fundi wa kunoa visu na mikasi karibu na soko. Kazi hiyo aliirithi kwa baba yake. Njiani Dorcas aliwaza. Kwa nini Queen amemchagua huyu? Si ndiye anayenunua sato wa Queen kila Ijumaa? Hawa wamekwisha kula njama.

Walimkuta Zakia ameketi mbele ya meza. Mezani palikuwa na mikasi iliyoachana, upande huu peke yake na upande ule peke yake.

"Shikamoo, mama," alisema Queen.

"Marahaba, mwanangu. Mama Nathaniel, karibu. Mbona mmenuna?"

Dorcas hakuzunguka. "Wewe si mteja wa huyu?"

"Samaki nanunua kwake," alijibu Zakia. "Na gauni nililovaa umelishona wewe. Sasa nimpendelee nani?"

Dorcas aligeukia meza. Akaitazama ile mikasi kwa jicho la pembeni. "Na hii mbona umeivunja?"

"Sijaivunja. Ndivyo ilivyotengenezwa. Tazama." Zakia alichukua mkasi mmoja mzima. Akazungusha nati kwa vidole vyake, mara mbili, mara tatu. Akavuta bolti. Pande mbili zikaachana. "Ukitaka kuusafisha, unaufungua. Ukitaka kunoa, unanoa upande mmoja mmoja. Upande mmoja ukivunjika, kama mwenye duka anao wa aina hiyo hiyo, unabadili huo tu. Hutupi mkasi mzima."

"Na ukiachana mkononi nikiwa nakata?"

"Ukikaza nati vizuri hauachani. Jambo la hatari ni moja. Upande ulioachana ni kisu kitupu. Ushike kwa kitambaa, na usiuache mahali watoto wanapoweza kufika. Haya, lete mgonjwa wako."

Aliupokea mkasi, akaufungua na kuufunga. Ukalia kama mlango mkavu. "Huu umepigwa ribiti. Haufunguki mpaka niitoboe."

"Nilijua!" alisema Dorcas. "Unataka kuniharibia mkasi ili uniuzie huo wako!"

"Sikuuzii kitu. Nikiitoa ribiti nitatia bolti na nati, na wako utafunguka kama huu. Lakini mkasi ni wako. Ukisema hapana, ni hapana."

Dorcas aliutazama mkasi wake wa miaka kumi na minane. Akamtazama Queen, aliyepakata furushi lake kama abiria. Kama hautafunguliwa, mtoto wa watu ataondoka na neno la mwizi mgongoni.

"Toboa," alisema.

Zakia alibana mkasi kwenye jiliwa, kile chuma cha kubania vitu mezani. Drili ikalia. Ribiti ikatoka. Pande mbili zikaachana, na wote watatu wakainamisha vichwa.

Maungio yalijaa uchafu mweusi, mzito, umenata kama gundi. Ndani yake kulikuwa na nyuzinyuzi za kila rangi. Zakia aliukwangua wote kwa ncha ya kisu, akaupaka kwenye karatasi nyeupe, akaupekua taratibu.

"Nyuzi. Vumbi. Nyuzi tena," alisema. "Gamba hakuna. Hata moja."

"Labda lilianguka," alisema Dorcas haraka.

"Mama Nathaniel, kwenye gundi hii hata nzi asingeanguka." Zakia akanusa karatasi. "Lakini samaki yupo. Haya ni mafuta yaliyokaangiwa samaki. Mafuta ya kula yakikaa kwenye chuma yanaganda, yananata, yanakamata vumbi. Ndiyo maana mkasi ulikuwa mgumu. Nani anautia mafuta?"

Queen alimgeukia mama mkwe wake.

Dorcas alihisi masikio yakipata moto. Kichupa chake cha mafuta ya cherehani kilikauka siku nyingi. Jikoni, juu ya rafu, kulikuwa na chupa ya mafuta ya Queen yaliyobaki baada ya kukaanga. Kila Jumatatu alikuwa anachovya kijiti. Mafuta si mafuta tu?

"Mimi," alisema kwa sauti ndogo.

Zakia hakucheka, ingawa mdomo ulimcheza. Aliuinua upande mmoja kwenye mwanga. "Na hii mikwaruzo ya ndani? Umenolea wapi?"

"Kwenye jiwe la nyuma ya nyumba."

"Upande wa ndani pia?"

"Pande zote. Ili ukate vizuri."

"Mayu wane, mama yangu!" Zakia alisema kwa Kisukuma, yeye ambaye si Msukuma. "Jiwe lile ni la panga. Sikiliza. Kila upande wa mkasi una nyuso mbili. Uso wa nje una mteremko mwembamba penye makali. Huo ndio unaonolewa. Uso wa ndani umebonyea kidogo sana, kwa makusudi. Mkasi ukifunga, pande hizi zinagusana mahali padogo tu, na mguso huo unatembea kutoka shina hadi ncha. Ndipo kitambaa kinapokatika. Ukiusugua ndani kwenye jiwe la kuparuza, ule mbonyeo unakufa. Pande hazigusani sawa tena. Kitambaa kinaponyoka katikati, kinatafunwa."

"Na umekufa?" Dorcas aliuliza.

"Una bahati, haujafa wote."

Zakia alifuta uchafu wote. Akalainisha uso wa ndani kidogo tu, kwenye jiwe laini. Akanoa mteremko wa nje, akifuata ulalo wake wa zamani. Akakausha kila upande, akatia tone moja la mafuta ya cherehani kwenye maungio, akatia bolti, akakaza nati. Kisha akaushika mkasi kwa mpini mmoja, akainua mpini wa pili, akauachia. Ukashuka polepole, ukasimama kabla ya kufunga.

"Hivyo ndivyo," alisema. "Ukidondoka ghafla, nati imelegea. Ukikataa kushuka, umekaza mno."

Dorcas alichukua kipande chembamba cha kitambaa, akakilowesha ili kiusumbue mkasi, akakata. Mkasi ukapita hadi ncha bila kelele. Moyo wake ulifurahi, kisha ukaona aibu ya kufurahi.

Walirudi nyumbani. Mdhaniaye ndiye kumbe siye, na njia ya kurudi huwa ndefu.

Hellen alikuwa bado anafua. Sijui shati gani hilo.

"Hellen!" Dorcas aliita. "Ulinisikia nikimwita mkwe wangu mwizi?"

"Mimi? Sikusikia kitu, Mama Nathaniel."

"Ulisikia. Sasa sikia na hili. Si yeye. Aliyeharibu mkasi ni mimi, kwa jiwe langu na mafuta ya jikoni. Ulikolipeleka jina lake bovu, lipeleke na hili zuri."

Mzee Mashimba alitoka mlangoni, akasikiliza, akarudi ndani bila utani wowote.

"Mwanangu, nisamehe," Dorcas alimwambia Queen. "Fungua furushi lako. Tafadhali."

Queen alikaa barazani, akafungua kitenge. Nguo zikasambaa. Katikati yake kikaviringika kichupa kidogo cheupe, kipya, hakijafunguliwa.

"Nini hicho?"

Queen aliinamisha macho. "Mafuta ya cherehani. Niliona chako kimekauka, nikakununulia mwezi uliopita. Lakini ulisema nisiguse meza yako. Nikakificha kwenye nguo zangu."

Dorcas alikaa chini. Alilia waziwazi, mchana kweupe, Hellen akimwona.

Jumamosi ya ahadi Justa alivuka daraja, akayakuta majoho kumi na mawili yamekunjwa. Mkono uliochanika Dorcas aliushona, akaficha mchaniko kwa shada la maua la kutarizi, na ili yafanane akashona shada hilo kwenye majoho yote. Justa alisema ndicho alichokipenda zaidi. Uzi ule mwekundu wa mtego ndio uliotarizi mashada hayo.

Jumatatu iliyofuata mzee Mashimba alitoka na chai yake. Alimkuta mkewe kwenye cherehani, mikono mitupu.

"Leo vipi?" alimuuliza. "Unanuka nini?"

"Sijanusa," alijibu Dorcas. "Anao Queen, anausafisha."