Pembe za Geti la Zahanati

Kila akitoka shuleni, Chiriku alivua sare, akala, kisha akaenda karakanani kumsaidia mama yake, fundi wa kuchomelea mageti. Jina hilo la utani alipewa na mama mwenyewe, kwa kuwa mdomo wake haukujua kupumzika.

Siku moja kazi ilikuwa geti la zahanati. Vyuma kumi na viwili vilitakiwa kupita mshazari, vyote sambamba.

"Kila kimoja kiikate fremu kwa nyuzi sitini," mama alisema. "Pima vyote, mwanangu."

Chiriku alipima viwili. Rafiki zake wakapita, soga zikanoga, na vilivyobaki akavichorea chaki kwa kukisia.

"Umepima vyote?"

"Vyote, mama."

Mama akachomelea.

Mkuu wa zahanati alipoliona geti, alicheka. "Fundi, vyuma hivi vimelewa?" Akakataa kulipokea.

Jioni mama alimwambia dada yake, "Macho yangu yamekwisha. Miaka kumi na tano ya cheche si mchezo."

Kesho yake hakuwasha mashine. Kwa siku nne aliketi mlangoni, akifunika jicho hili, kisha lile, akijaribu kusoma vibao vya ng'ambo ya barabara. Chiriku alimwona. Kila alipotoka, alimpita pale mlangoni, akaenda zake.

Siku ya tano, mwalimu wa hisabati alichora mistari miwili ubaoni, akaikata kwa mstari wa tatu. "Pembe zinazokaa mahali palepale penye kila mkato zikiwa sawa, mistari hii ni sambamba. Zisipokuwa sawa, si sambamba. Msibishane. Pimeni."

Chiriku alirudi nyumbani mbio. Mbele ya mama yake akaweka kipimapembe kwenye geti: sitini, sitini, hamsini na tano, sitini na nne.

"Nilipima viwili tu, mama. Macho yako ni mazima. Umechomelea palepale nilipochora."

Mama aligeuka kumtazama. "Siku zote hizi ulikuwa unaniona?"

"Nisamehe, mama."

"Chuma kilichopinda nitakikata, nikichomelee upya. Lakini ulipokaa kimya, mimi ndiye niliyebeba kosa lako. Ukikosea, sema siku hiyohiyo."

Jumamosi Chiriku alipima vyuma vyote kumi na viwili. Mama akavipima tena, kimoja kimoja. Vyote vilikuwa sawa.

"Huniamini tena, mama?"

"Nitakuamini," mama alijibu, akivaa kinyago chake. "Ila si leo."